Kukabidhi Ununuzi wa Vijenzi vya Elektroniki kwa Wakala Mmoja: Faida na Hatari Zake

Utangulizi

Katika jokofu la zahanati lenye kuhifadhi chanjo, joto halina budi kubaki baina ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Likipanda na kukaa juu ya mpaka huo, chanjo hupungua nguvu. Likishuka chini ya sifuri, baadhi ya chanjo huharibika kwa kuganda. Kwa sababu hiyo, majokofu ya namna hii hutiwa kifaa kidogo cha elektroniki ambacho hupima joto usiku na mchana, huliweka katika kumbukumbu, na hupiga kengele pindi linapovuka mpaka.

Kifaa hicho hutoshea katika kiganja cha mkono. Hata hivyo, msomaji akikifungua atakuta ubao wenye vipande vingi mno, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Vipande hivyo havikutengenezwa mahali pamoja. Kila kimoja kina kiwanda chake, na aghalabu viwanda hivyo vimo katika nchi mbalimbali. Kikikosekana kimoja tu, hata kama bei yake ni shilingi chache, kifaa hakiundiki, na jokofu hubaki bila mlinzi.

Hebu tuchukulie kwamba karakana moja ya ufundi imeombwa kuunda vifaa 200 vya aina hiyo. Mafundi wake ni hodari wa kubuni na kulehemu. Lakini ni nani atakayevitafuta vipande hivyo, atakayepatana bei, atakayehakiki kuwa si vya bandia, atakayevisafirisha na kuvipitisha forodhani? Duniani kote viwanda vingi, vikubwa kwa vidogo, vimelijibu swali hili kwa kuikabidhi kazi hiyo yote kwa wakala mmoja. Katika makala haya tutaeleza jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi, faida zake, na hatari ambazo zimekwisha kuyagharimu mashirika makubwa fedha nyingi. Tutaonyesha pia kwamba hatari hizo zinaweza kupimwa kwa hesabu ya darasani.

Aina Tatu za Vijenzi

Vipande vinavyounda kifaa cha elektroniki tutaviita vijenzi. Kwa mtu anayevinunua, vijenzi vyote si sawa. Yafaa kuvigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vijenzi vya kawaida, kama vile rezista na kapasita nyingi. Hivi hutengenezwa kwa vipimo vilivyokubaliwa na mataifa yote. Mwanafunzi aliyewahi kushika rezista bila shaka amejiuliza kwa nini thamani zake ni 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82, kisha 100, 120 na kuendelea. Thamani hizo hazikuchaguliwa ovyo. Kila moja hupatikana kwa kuizidisha iliyotangulia kwa 1.21 hivi, yaani kipeuo cha kumi na mbili cha 10, kisha kukadiria. Kwa kuwa rezista za msururu huu huruhusiwa kukosea kwa asilimia 10 juu au chini, hatua kumi na mbili zinatosha kuufunika mwendo wote kutoka 10 hadi 100. Matokeo yake ni kwamba rezista ya kilo-omu 10 iliyotengenezwa Japani inaweza kukaa mahali pa ile iliyotengenezwa Taiwan, madhali ukubwa wake, nguvu inazostahimili na kiasi chake cha kukosea ni vilevile.

Fungu la pili ni la vijenzi vyenye badala, lakini badala hiyo yahitaji uangalifu: transista, diodi, vidhibiti vya volti na kadhalika. Hapa fundi hana budi kusoma karatasi za maelezo ya kiufundi na kulinganisha tarakimu moja baada ya nyingine kabla ya kusema kwamba hiki kitafaa badala ya kile.

Fungu la tatu ni la vijenzi vyenye mtengenezaji mmoja tu. Mfano wake ni chipu ya udhibiti iitwayo mikrokontrola, ambayo ndani yake huandikwa programu ya kukiendesha kifaa. Chipu ya kampuni moja haiwezi kung'olewa na kuwekwa ya kampuni nyingine hivi hivi. Miguu yake imepangwa kwa namna nyingine, na hata programu yake huenda ikabidi iandikwe upya. Fungu hili kwa kawaida ni dogo kwa idadi, lakini ndilo lenye kuamua hatima ya kifaa.

Hesabu ya Upungufu

Sasa tutazame hesabu. Tuseme kifaa chetu kina aina 60 za vijenzi. Tuseme pia kwamba kila aina ina uwezekano wa 99 katika 100 wa kuwapo ghalani siku ya kuanza kazi, na kwamba kupatikana kwa aina moja hakutegemei kupatikana kwa nyingine. Mtu asiyefanya hesabu ataridhika, kwani 99 katika 100 ni alama nzuri sana.

Lakini kazi haiwezi kuanza mpaka aina zote 60 ziwepo kwa pamoja. Kwa hiyo yatupasa kuzidisha 0.99 kwa 0.99, na tena kwa 0.99, mpaka zitimie mara 60. Jibu ni 0.547. Maana yake ni kwamba siku ya kuanza kazi ikifika, uwezekano wa karakana kuwa na kila kitu ni 55 tu katika 100. Unakaribia ule wa kurusha sarafu. Na kifaa chenye aina 100 huwa na uwezekano wa 37 katika 100.

Hesabu hii hueleza jambo ambalo kila msimamizi wa kiwanda hulijua kwa uchungu: ghala limejaa, fedha zimekwisha kutumika, mafundi wamekaa tayari, lakini kazi imesimama kwa sababu ya kijenzi kimoja kisicho na thamani kubwa. Ndiyo sababu kutafuta vijenzi kumekuwa taaluma yenye kujitegemea, wala si kazi ya kutuma mtu dukani.

Wakala wa Kazi Zote Hufanya Nini

Wakala tunayemzungumzia hapa ni zaidi ya muuzaji. Huanza kwa kupokea orodha ya vijenzi kutoka kwa mwenye kifaa. Orodha hiyo hutaja kila kijenzi kwa jina la mtengenezaji, namba yake kamili, idadi yake, na mahali pake juu ya ubao. Wakala huipitia orodha mstari kwa mstari. Huangalia ni vijenzi gani vinapatikana, vipi vimeadimika, na vipi ambavyo mtengenezaji ametangaza kwamba ataacha kuvitengeneza. Kisha hutafuta bei kwa watengenezaji na kwa wasambazaji walioidhinishwa nao, huagiza, hupokea, hukagua, huhifadhi, na mwishowe hupanga vijenzi vyote katika mafurushi yaliyo tayari kwa kazi. Usafirishaji na karatasi za forodha navyo huwa mikononi mwake.

Hata kuhifadhi kuna elimu yake. Chipu nyingi hufunikwa kwa plastiki, na plastiki hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo. Chipu iliyofyonza unyevu ikiingizwa katika tanuri la kulehemia, ambalo joto lake hupita nyuzi 200, unyevu ule hugeuka mvuke kwa ghafla, mvuke hutanuka, na chipu hupasuka kwa ndani kama bisi ya mahindi inavyopasuka chunguni. Mara nyingi ufa huo hauonekani kwa macho. Kwa hiyo chipu za namna hii husafirishwa katika mifuko iliyozibwa, yenye dawa ya kufyonza unyevu. Ngazi moja iliyo ya kawaida sana katika kanuni za kimataifa huruhusu saa 168 tu nje ya mfuko, yaani wiki moja, tena katika chumba kisichozidi nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60. Msomaji anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anafahamu kwamba hewa ya pwani huuvuka mpaka huo mara nyingi. Wakala mwenye ghala kavu na daftari la saa hizo huondoa hasara ambayo karakana ndogo isingeweza hata kuitambua.

Faida za Mlango Mmoja

Faida ya kwanza ni ya kipimo cha ununuzi. Rezista ndogo za kisasa huuzwa zikiwa zimebandikwa katika utepe uliozungushwa kwenye rili, na rili moja kwa kawaida huwa na rezista 5,000. Ikiwa kila kifaa chetu chahitaji rezista 4 za kilo-omu 10, vifaa 200 vitahitaji 800 tu. Karakana ikinunua rili nzima itabakiwa na 4,200, ambazo zingetosha vifaa vingine 1,050 ambavyo haijaagizwa kuviunda. Fanya hivyo kwa aina 60, na fedha za karakana zote zitalala ghalani. Wakala mwenye wateja sita, kila mmoja akihitaji 800, huikata rili moja na kuwagawia, na hubakiwa na rezista 200 tu.

Faida ya pili ni ya maarifa. Wakala anayenunua kila siku husikia mapema kwamba kijenzi fulani kimeanza kuadimika au kwamba kiwanda fulani kina matatizo. Karakana inayonunua mara mbili kwa mwaka hupata habari hizo imechelewa.

Faida ya tatu haionekani kwa urahisi, nayo ni kuzuia njaa ya uongo. Tuseme karakana yetu inahitaji chipu 200 zilizoadimika, nayo kwa hofu ikawaendea mawakala watatu na kumwambia kila mmoja atafute zote 200. Kila wakala atapeleka maombi yake, na kiwanda kitaona maombi ya chipu 600. Wengine nao wakifanya hivyo hivyo, kiwanda kitadhani dunia nzima ina njaa ya chipu hiyo, bei zitapanda, na siku ya kuletwa bidhaa hakuna atakayezichukua zote.

Jambo la namna hii liliipata kampuni ya Cisco ya Marekani, itengenezayo mitambo ya mawasiliano ya kompyuta. Cisco ilikuwa imezikabidhi kampuni mbalimbali kazi ya kuunda mitambo yake, na kampuni hizo zikawa zikishindana kutafuta vijenzi vilevile kwa ajili ya maagizo yaleyale. Mahitaji yakaonekana makubwa kuliko yalivyokuwa. Biashara ilipozorota, mwaka 2001 Cisco ililazimika kufuta katika vitabu vyake mali ya ghalani yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2. Kwa hiyo kuwa na milango mingi peke yake si kinga. Huenda milango mingi ikazidisha kelele bila kuzidisha bidhaa.

Moto wa Albuquerque

Baada ya kuzisifu faida, yatupasa sasa kuitazama hatari, na hakuna mfano ulio wazi zaidi kuliko moto uliotokea katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, nchini Marekani.

Usiku wa tarehe 17 Machi, 2000, radi ilipiga njia ya umeme, na mtikisiko wa umeme huo ukasababisha moto katika kiwanda cha chipu cha kampuni ya Philips ya Uholanzi. Moto wenyewe ulikuwa mdogo; ulizimwa kwa muda wa dakika kumi hivi. Lakini chipu hutengenezwa katika vyumba safi, ambamo hata chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho huweza kuharibu kazi. Moshi na maji viliingia katika vyumba hivyo. Visahani vya silikoni vilivyokuwa vikitengenezwa viliharibika, na usafishaji ukachukua muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa hapo awali. Philips iliwaarifu wateja kwamba kungekuwa na ucheleweshaji wa wiki moja hivi.

Wateja wawili wakubwa wa kiwanda hicho walikuwa Nokia ya Ufini na Ericsson ya Uswidi, ambao kwa pamoja walichukua asilimia 40 hivi ya chipu zake kwa ajili ya simu za mkononi. Wote wawili walipata habari ileile, lakini hawakufanya jambo lilelile.

Katika Nokia, chipu za kiwanda hicho ziliwekwa mara moja katika orodha ya vitu vya kuangaliwa kila siku. Ilipodhihirika kwamba tatizo lingedumu kwa wiki nyingi, kundi la wataalamu chini ya Pertti Korhonen lilishughulikia kila chipu kwa namna yake. Zile zilizoweza kutengenezwa na wengine ziliagizwa kwa watengenezaji wengine wa Japani na Marekani. Zile ambazo zilitegemea Philips peke yake, Nokia iliishinikiza Philips izitengeneze katika viwanda vyake vingine, kama vile cha Eindhoven na cha Shanghai. Simu za Nokia hazikukatika.

Ericsson kwa upande wake ilikuwa imepunguza wauzaji wake katika miaka ya 1990 ili kupunguza gharama, na kwa baadhi ya chipu hizo haikuwa na chanzo cha pili. Habari za moto zilizungumzwa baina ya mafundi na mafundi, na wiki kadhaa zikapita kabla wakubwa hawajafahamu uzito wake. Walipoamka, nafasi za ziada katika viwanda vingine zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Kampuni ilikadiria kwamba ilipoteza mauzo ya dola milioni 400 hivi. Moto haukuwa sababu pekee ya matatizo ya simu za Ericsson, lakini ulikuwa mojawapo. Mnamo Januari 2001 kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitaunda tena simu zake yenyewe, bali itaikabidhi kazi hiyo kampuni ya Flextronics. Na mwaka huohuo ikaungana na Sony katika biashara ya simu.

Mlango Si Chemchemi

Mtu anaweza kuisoma habari hiyo na kuhitimisha kwamba ni kosa kumtegemea mtu mmoja. Hitimisho hilo si sahihi kabisa. Katika ununuzi kuna mambo mawili ambayo huchanganywa: mlango, yaani mtu tunayeongea naye na kumlipa, na chemchemi, yaani kiwanda ambamo kijenzi huzaliwa. Kilichoiangusha Ericsson ni kuwa na chemchemi moja. Mtu mwenye mlango mmoja ulio na chemchemi nyingi nyuma yake yu salama kuliko mwenye milango mitano ambayo yote hufikia chemchemi moja.

Jambo hilo lilidhihirika tena Japani. Tetemeko la tarehe 11 Machi, 2011, lilikiharibu kiwanda cha kampuni ya Renesas kilichopo Naka, katika mkoa wa Ibaraki. Kiwanda hicho kilitengeneza mikrokontrola za magari, nacho hakikuanza tena kutoa kazi hadi Juni mwaka huo. Makampuni ya magari yalikuwa na wauzaji wengi, ambao nao walikuwa na wauzaji wao. Lakini walipoufuata mnyororo hadi chini, waligundua kwamba nyuzi nyingi zilikutana katika kiwanda kimoja. Toyota iliamua baada ya hapo kuchora ramani ya wauzaji wake hadi ngazi za chini na kuwataka waweke akiba ya vijenzi vya hatari. Upungufu mkubwa wa chipu ulipoikumba dunia, mwanzoni mwa mwaka 2021 Toyota ilitetereka kidogo kuliko washindani wake wengi, ingawa baadaye mwaka huo nayo ilibidi ipunguze kazi.

Wazo la chemchemi ya pili si geni. IBM ilipoleta kompyuta yake ndogo mwaka 1981, ilichagua chipu ya kampuni ya Intel iitwayo 8088, lakini ilisisitiza kwamba pawepo mtengenezaji mwingine wa chipu hiyo. Kwa hiyo mwaka 1982 Intel ilifanya mapatano na kampuni ya AMD, ambayo ikawa na haki ya kuitengeneza. Mnunuzi mwenye nguvu aliweza kudai chemchemi ya pili katika mkataba. Mnunuzi mdogo hawezi kudai hivyo, lakini anaweza kubuni kifaa chake ili kikubali vijenzi vyenye chemchemi zaidi ya moja.

Sasa turudie hesabu yetu. Tuseme kati ya aina 60, aina 57 zina chemchemi mbili zisizotegemeana, kila moja ikiwa na uwezekano wa 0.99. Aina moja itakosekana ikiwa tu chemchemi zote mbili zitakauka pamoja, na uwezekano wa hayo ni 0.01 mara 0.01, yaani 1 katika 10,000. Kwa hiyo kila moja ya aina hizo itapatikana kwa uwezekano wa 0.9999. Aina 3 zilizobaki zina chemchemi moja tu. Zidisha 0.9999 kwa yenyewe mara 57, kisha 0.99 mara 3. Jibu ni 0.965. Tumetoka uwezekano wa 55 katika 100 hadi 96, bila kuongeza wakala hata mmoja. Tena hatari iliyosalia imebanwa katika aina tatu tunazozijua kwa majina. Hizo tatu tunaweza kuzinunua mapema na kuziweka akiba ya mwaka mzima, nayo akiba haiozi, mradi mifuko imezibwa sawasawa.

Vijenzi Bandia na Asili ya Vijenzi

Kijenzi kinapoadimika, walaghai hujitokeza. Njia yao ya kawaida ni kuzing'oa chipu kuukuu katika taka za elektroniki, kukwangua maandishi yake, kuipaka rangi mpya, na kuandika namba nyingine au tarehe mpya. Kamati ya Majeshi ya Baraza la Seneti la Marekani ilichunguza jambo hili, na katika taarifa yake ya Mei 2012 ilieleza kwamba katika miaka ya 2009 na 2010 ilikuta matukio 1,800 hivi ya vijenzi vilivyoshukiwa kuwa bandia, vyenye jumla ya zaidi ya vipande milioni moja, katika ugavi wa zana za kijeshi za nchi hiyo. Ikiwa jeshi lenye fedha na maabara liliuziwa, karakana ndogo itajilindaje?

Wakala mwema hujibu swali hilo kwa vitendo. Hununua kwa mtengenezaji au kwa msambazaji aliyeidhinishwa, na huhifadhi karatasi zinazoonyesha safari ya kila furushi. Akilazimika kununua kwa madalali, husugua maandishi kwa dawa ili kuona kama rangi inatoka, hupiga picha za eksirei ili kulinganisha umbo la ndani, na hupima umeme wa chipu chache kabla ya kuzipokea zote. Wakala asiyeweza kuonyesha karatasi hizo hafai kukabidhiwa kazi, hata bei yake ikiwa ndogo namna gani.

Karatasi hizo zina umuhimu mwingine unaotugusa sisi wa Afrika Mashariki na Kati. Kapasita ndogo zenye uwezo mkubwa hutengenezwa kwa metali iitwayo tantalamu. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba uwezo wa kapasita huongezeka kadiri eneo la sahani zake linavyopanuka na nafasi baina yake inavyopungua. Unga wa tantalamu ulioshikamanishwa una eneo kubwa ndani ya ujazo mdogo, na utando unaoufunika ni mwembamba mno. Hivyo masharti yote mawili hutimizwa. Metali hiyo hutoka katika mawe ya koltani, ambayo huchimbwa Kivu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na kwingineko. Kwa kuwa biashara ya madini iliwatajirisha wenye silaha huko Kongo, sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ilizitaka kampuni zichunguze na kueleza kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu wanazozitumia zimetoka Kongo au nchi zinazopakana nayo, ikiwemo Tanzania. Kwa hiyo kijenzi kilichosafiri hadi Asia na kurudi kwetu ndani ya kifaa huenda kilianzia katika udongo wa jirani zetu, na kuijua safari hiyo ni sehemu ya kazi ya wakala.

Yasiyofaa Kukabidhiwa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hili ndilo jambo kubwa ambalo makala haya yanataka kulisisitiza. Mwenye kifaa anaweza kukabidhi utafutaji, upatanaji wa bei, uhifadhi na usafirishaji. Lakini yapo mambo manne ambayo akiyakabidhi hatabaki na kifaa bali na jina lake tu.

La kwanza ni orodha ya vijenzi iliyo kamili. Iwe mikononi mwake, yenye namba za watengenezaji wenyewe, wala si namba za ghala la wakala ambazo hakuna mwingine anayezielewa.

La pili ni ujuzi wa chemchemi. Kwa kila kijenzi ajue kiwanda kinachokitengeneza, na kama kipo kingine.

La tatu ni haki ya kukubali badala. Wakala asibadilishe kijenzi hata kimoja bila idhini ya maandishi ya fundi aliyebuni kifaa. Kijenzi cha kupimia joto kinachokosea kwa nyuzi 2 huenda kikafaa katika feni. Katika jokofu la chanjo, ambalo mwendo wake wote ni nyuzi 6, hakifai.

La nne ni njia ya kutokea. Mkataba useme wazi kwamba siku ushirikiano utakapokwisha, wakala atakabidhi karatasi zote pamoja na vijenzi vilivyokwisha kulipiwa. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Na wakala, hata akiwa mwaminifu, si ndugu.

Hitimisho

Kumkabidhi wakala mmoja ununuzi wa vijenzi ni mgawanyo wa kazi, kama mgawanyo mwingine wowote. Humwezesha mbunifu kubuni na fundi kuunda. Huokoa fedha zilizolala ghalani, na huzuia maombi ya uongo. Hatari haimo katika huo mlango mmoja, bali katika kusahau kuuliza kuna nini nyuma yake. Nokia na Ericsson zilinunua katika kiwanda kimoja, na moto ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alijua upesi alichokosa na wapi pengine angeweza kukipata.

Zahanati inayongojea kifaa cha kulinda chanjo haina haja ya kujua majina ya viwanda hivyo. Aliyeahidi kuwaletea kifaa hicho hana budi kuyajua.

Mazoezi kwa Darasa

1. Fungua redio mbovu isiyounganishwa na umeme wala betri. Andika orodha ya aina za vijenzi ulivyoviona, kisha uvigawe katika mafungu matatu yaliyoelezwa katika makala haya.

2. Kifaa kina aina 40 za vijenzi, kila moja ikiwa na uwezekano wa 0.98 wa kupatikana. Kwa kutumia logi, tafuta uwezekano wa kupata aina zote kwa pamoja.

3. Katika hesabu yetu tulisema chemchemi mbili hazitegemeani. Taja hali mbili ambazo zingeweza kuzikausha zote mbili kwa wakati mmoja, kisha ueleze ni kwa nini jibu la 0.965 lingekuwa kubwa kuliko ukweli.